Mdomo wa Bonde: Kola Mkononi mwa Samata

Alitafuna au hakutafuna? Wiki nzima mmekuwa mkibishana, na najua wengine mmeshawekeana dau la soda. Haya, vueni viatu mlangoni, rudini uani kwa chifu, Nyolugu-Naa, mkae chini kama wenzenu.

Kola, ile kokwa chungu ya kutafuna, ilikuwa bado kiganjani mwa Samata. Nyekundu, nzima, kubwa kuliko dole gumba. Aliyeiweka pale ni Wulana, msemaji wa chifu, na alikuwa bado ameinama mbele yake, macho kwenye taya zake, akingoja zisogee.

"Kula, Magajia," Wulana akasema. "Wenzio wamekula."

Kweli walikuwa wamekula. Wakuu wa koo walikuwa wameketi upande wa kuume, mashavu yamewavimba, midomo imeanza kugeuka rangi ya chungwa. Na kila aliyetafuna alikuwa amekubali. Karatasi zinasainiwa mjini, lakini ardhi ya Nyolugu hutolewa kwa kola. Ukiitafuna mbele ya Naa huna tena la kusema, wala watoto wako hawana.

Kilichokuwa kinatolewa ni bonde. Lile bonde la matope ambalo wanawake wa Nyolugu wamelima mpunga tangu enzi za bibi zao, kwa sababu wanaume walisema halifai hata kuzikia mbwa. Siku hizi lilikuwa linamfaa kila mtu. Serikali ingechimba mfereji, Kampuni ingeleta matrekta na kuendesha kinu cha kukobolea, na kijiji kingetoa bonde kwa miaka hamsini. Waliuita ubia. Wabia walikuwa watatu, na wanawake hawakuwamo. Wao waliahidiwa kazi ya kibarua kwenye mashamba yao wenyewe.

Samata ndiye Magajia, kiongozi wa wanawake hao. Akila, bonde limekwenda. Akikataa, amemdhalilisha Naa mbele ya wageni, na mtu wa namna hiyo hufungashiwa virago kabla jua halijazama.

Mpo? Basi twende.

"Mkono wa Naa haungojeshwi," Wulana akasema, na sasa sauti ilikuwa na miba.

"Siungojeshi, baba. Nauheshimu."

"Basi kula!"

"Nitakula. Lakini mimi nimetumwa. Mdomo uliotumwa husema kwanza, hula baadaye."

Uwanja mzima ukanong'ona. Nyolugu-Naa, juu ya ngozi zake, alimwinamia Wulana sikioni. Chifu hasemi na watu moja kwa moja. Neno lake hupita kwa Wulana kama maji yapitavyo kwenye bomba.

"Naa anauliza," Wulana akatangaza, "tangu lini mwanamke akaisemea kola?"

Swali hilo Samata alilitarajia. Jana jioni, wakati wanawake wakichemsha mpunga kwenye mapipa, Bibi Shamba Rahinatu alikuja akachuchumaa karibu naye mvukeni. Huyu Rahinatu ndiye ofisa kilimo wa wilaya. Ndiye aliyewafundisha kupanda kwa mistari, akaingia matopeni pamoja nao mpaka magotini, na wanawake walimpenda kama dada yao. "Kesho wakikupa kola usiikatae wala usiile," alimwambia. "Isemee. Atakayekula kola iliyosemewa amekubali maneno yake. Si unajua?" Samata alijua. Hakuwa amefikiri tu kwamba mtu kama yeye angethubutu.

Sasa alithubutu.

"Tangu Naa alipompa mwanamke kola," akajibu. "Ingekuwa hairuhusiwi, nisingepewa. Mkono wa Naa haukosei."

Mpiga ngoma akashindwa kujizuia, akagonga ngoma yake mara moja, *du!* Watu wakaangua kicheko, kisha wakakimeza haraka, wakamtazama Naa.

Naa alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikamcheza. Akatikisa mkono: aseme.

Samata akapasua kola. Ikaachana mapande mawili, kama kawaida yake. Akanyanyua pande moja juu ili hata wa nyuma waone.

"Bonde ni letu na litabaki letu," akasema. "Kinu ni chako wewe mgeni na kitabaki chako. Sisi tutalima na kuchemsha, wewe utakoboa na kuuza. Mfereji ukija, maji yapite kwetu kwanza. Na bei tuipange wote kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna wakati magunia yameshatuelemea. Atakayekula hii amekubali hayo."

Kisha akatembea. Hakwenda kwa wazee. Alikwenda moja kwa moja kwenye viti vya plastiki walikoketi wageni, akapiga goti mbele ya Meneja wa Kampuni, Bwana Ampofo, akamnyooshea lile pande.

Bwana Ampofo ni mtu wa Kumasi, mwenye suti nzuri na haraka nyingi. Lugha ya Nyolugu kwake ilikuwa kelele za bata. Mara ya kwanza kuja kumsalimia chifu alibeba chupa mbili za pombe kali, kama wafanyavyo kwao. Akampelekea nani? Alhaji aliyekwenda Maka mara mbili! Tangu siku hiyo aliapa kutofanya lolote pale bila kumuuliza Bibi Shamba, na ndiye aliyeketi naye sasa, bega kwa bega, akimtafsiria.

"Anasema nini huyu mama?" Meneja akauliza.

Bibi Shamba alimtazama Samata. Akamtazama Meneja. Akatabasamu.

"Anakukaribisha, Bwana Meneja. Anagawana nawe kola yake. Hiyo ni heshima kubwa sana."

Samata hakujua lugha ya Kumasi vizuri, lakini aliyajua maneno "karibu" na "heshima", na alijua kwamba hotuba yake haikuwa fupi kiasi hicho.

"Oho!" Meneja akafurahi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika simu, basi akanyoosha wa kushoto.

Bibi Shamba akaupiga kofi mkono ule kabla haujafika. "Kulia, bwana, kulia! Kola haipokelewi kwa kushoto. Ukiipokea kwa kushoto haishiki, ni kama hujapokea kitu."

Meneja akahamisha simu. Akapokea kwa kulia. Akatafuna.

Uso ukamkunjamana kwa uchungu wa kola, lakini alijitahidi, akameza, akafungua mikono kama mgombea ubunge. Uwanja ukalipuka. "Naaaa!" watu wakaitikia, wanawake waliokuwa nje ya ua wakapiga vigelegele, na mpiga ngoma sasa hakuomba ruhusa ya mtu.

"Wananipenda," Meneja akasema. "Mbona wanashangilia hivi?"

Wulana aliwahi kuuza ng'ombe Kumasi miaka mingi. Alimsogelea, akamwambia kwa lugha ya kwao, polepole, neno kwa neno, alichokuwa amekila.

Tabasamu la Bwana Ampofo lilitoka usoni taratibu.

"Ulijua?" akamgeukia Bibi Shamba.

"Nilijua nini?"

"Usinifanye mtoto! Ulijua alichosema?"

"Nilikwambia ni heshima kubwa. Si heshima?"

"Wewe ni mtu wa serikali! Sisi ni wabia!"

"Na hao je?" Bibi Shamba akaonyesha wanawake kwa kidevu. "Mpunga unajilima?"

Samata, bado amepiga goti, alitamani kumkumbatia. Miezi yote hii alidhani yuko peke yake. Kumbe serikali nayo, kwa siku moja, ilikuwa na moyo.

Tulieni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Meneja alisimama. Alikuwa amepoa ghafla, na mtu wa namna ile akipoa ndipo wa kumwogopa.

"Vizuri," akasema, na safari hii alimwamuru Wulana atafsiri, si Bibi Shamba. "Nimekula. Lakini naomba mjue jambo moja kuhusu ubia. Serikali haitoi yake mpaka Kampuni itoe yake. Mimi nikiondoka, mfereji unaondoka nami. Hautachimbwa mwaka huu wala mwaka kesho. Si ndivyo, Bibi Shamba?"

Bibi Shamba akainamisha kichwa.

"Nimeuliza, si ndivyo?"

"Ndivyo," akasema kwa sauti ndogo.

Vigelegele vilikufa. Samata akakumbuka. Mwaka jana mvua zilikatika mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke. Walibeba maji kwa mabeseni kichwani kutoka mtoni, mama na binti, mpaka nywele zikawanyonyoka utosini, na bado nusu ya bonde ikageuka majani makavu. Alikuwa amelipata bonde. Bonde bila maji lina kazi gani?

"Sasa Magajia," Meneja akasema, "niende?"

Hata Naa alikuwa ameacha kucheka.

Samata akafumba kiganja juu ya lile pande la pili. Alikuwa hajalila. Kwa mila, mpaka yeye naye atafune, mapatano hayajafunga. Aliyekwisha kujifunga ni Meneja peke yake. Samata bado alikuwa na nafasi ya kurudi nyuma. Alipofikiri hivyo aliona haya.

"Nenda, baba," akasema. "Maji yataletwa na Mungu. Ardhi hakuna wa kuileta."

Meneja, ajabu, akaketi tena. Akapachika mguu juu ya mguu.

"Mwanamke jasiri," akasema. "Lakini siendi. Kwa nini niende wakati bonde ninalo? Wulana, waambie. Waambie kola ya kwanza ililiwa wapi leo."

Wulana akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Waambie!"

"Mdomoni," Wulana akasema kwa taabu. "Kola ya mdomo wa bonde ililiwa alfajiri, mbele yangu mimi niliye sauti ya Naa."

Wazee wakageukiana. Bonde lile lina mahali pamoja tu ambapo maji yanaweza kuingia, pembe nyembamba kati ya vilima viwili, na watu hupaita mdomoni. Mfereji usipopita hapo haupiti popote. Na mdomo haukuwa wa wanawake wote. Ulikuwa wa nyumba ya Napari, waliopewa na Naa wa zamani. Nyolugu wana msemo kwamba mwenye mdomo ndiye mwenye tumbo. Mwenye nyumba ya Napari akishakula kola, bonde zima limekwenda, hata wengine wote wakigoma mpaka kiama.

Na mwenye nyumba ya Napari ni nani? Ni Yakubu Napari. Mume wa Samata.

Samata akainuka, akacheka. Alicheka kwa sauti, kwa furaha kabisa, mikono kiunoni.

"Yakubu wangu? Ale kola? Bwana, umedanganywa mchana kweupe! Waulize hawa. Yakubu hali kola tangu azaliwe, tumbo lake haliitaki. Siku ya kumpa jina mwanetu wa kwanza aliificha kwenye mkono wa joho lake la fugu, mbuzi akaifuata, akaila pamoja na kitambaa!"

Ua mzima ukacheka, maana kila mtu alikuwapo siku ile. Hata wazee waliotafuna walicheka, wakarusha mate ya rangi ya chungwa.

"Yakubu!" Samata akaita. "Yuko wapi? Simama, mume wangu, uwaambie."

Alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta. Mtu mrefu, mpole, mkimya kupita kiasi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimezungushwa taya zake, kikafungwa fundo utosini, kama mgonjwa wa jino.

Hakusimama.

Samata akakumbuka asubuhi. Yakubu alitoka kwenda kuswali, akarudi kajifunga kitambaa kile. Alimwekea bakuli la koko, uji wa uwele, hakugusa. Alimwuliza, akaonyesha shavu kwa kidole, akatoka nje. Samata alikuwa na mambo mengi kichwani. Alimwonea huruma kidogo, basi, akaendelea kujitanda khanga yake ya kwenda kwa Naa.

"Yakubu," akasema tena, na sasa sauti haikuwa ya kucheka. "Simama."

Akasimama.

"Jino linamuuma," akasema mtu mmoja. "Mwacheni."

Naa akamwinamia Wulana. Wulana akasita, akaitwa tena kwa kidole, akasikiliza, akasema kwa shingo upande: "Naa anasema afungue kitambaa."

Yakubu alifungua fundo. Kitambaa kikaanguka mabegani. Akamtazama mke wake, mke wake tu, kama vile wale watu mia na ushei hawakuwapo.

"Fungua kinywa, Yakubu," Samata akasema.

Akafungua.

Meno yalikuwa rangi ya chungwa. Ulimi ulikuwa rangi ya chungwa. Mpaka ufizi.

Kuna uchungu ambao mtu huusikia kifuani, na kuna ule wa tumboni. Samata aliusikia kila mahali. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akijisifu kisimani kwamba mume wake hana neno moja analomficha. Akajishikilia kwenye kiti cha Meneja, kisha akauondoa mkono upesi kama aliyegusa chungu cha moto.

"Walikupa nini?" akauliza.

"Hawakunipa kitu."

"Trekta? Walikuahidi uendeshe trekta?"

"Samata, sikupewa kitu!"

"Kola huiwezi hata kwa dawa, leo umekula mpaka ufizi umebadilika rangi, kisha unasema hukupewa kitu? Kwa nini ulikula?"

Yakubu akafuta kinywa kwa kile kitambaa, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Kwa sababu yako," akasema.

"Yangu mimi?"

"Niliambiwa umeshakula. Niliambiwa ulikula jana jioni, kwenye mapipa, ukaona haya kuniambia. Wulana alikuja nayo alfajiri, nikamwambia sili, ndipo nikaambiwa hivyo. Nikasema, kama mke wangu amekula, mimi ni nani nimwache alaumiwe peke yake?" Akameza mate. "Niliitapika nusu nyuma ya msikiti. Nikairudia. Nikaambiwa nifunge kinywa mpaka mkutano uishe, nisikuaibishe mbele ya wenzako."

Hapo palikuwa na wanaume wenye wake watatu na hawajawahi kusema maneno kama yale. Samata akataka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Ilikuja nyingine, juu ya mtu mwingine.

"Nani alikuambia nimekula?"

Yakubu aliinua macho. Yalipita kwa Wulana. Yalipita kwa Meneja. Yakasimama kwenye kiti cha pili.

"Bibi Shamba," akasema.

Bibi Shamba Rahinatu alikunja mikono kifuani. Aliweza kutabasamu, na hilo ndilo lililomtisha Samata.

"Yakubu ni mtu mzima," akasema. "Amekula kwa tamaa yake, sasa anatafuta sketi ya kujificha nyuma yake. Mimi alfajiri nilikuwa kitandani."

"Mwongo!" Yakubu akapiga kelele, naye hakuwahi kupiga kelele maishani mwake.

"Thibitisha."

Angethibitisha na nini? Neno lake, na neno la ofisa wa wilaya. Wazee walianza kukohoa. Wulana aliyejua kila kitu alikuwa amekaza macho kwenye mchanga.

Samata akasogea. Akachuchumaa mbele ya Bibi Shamba vilevile huyo alivyochuchumaa karibu naye jana kwenye mvuke wa mapipa. Nyuso zao zilikaribiana.

"Dada," akanong'ona. "Kwa nini?"

Bibi Shamba akainama. Alinong'ona haraka, kwa lugha yao, wasisikie wengine.

"Tumia akili, Samata. Mumeo amefungwa, kwa hiyo Kampuni haiwezi kusema haina ardhi. Meneja amefungwa, kwa hiyo hawezi kuwanyang'anya bei. Wote nimewafunga kamba moja. Hakuna anayeweza kuondoka, na mfereji unakuja. Miaka sita nimeandika, nimeomba, nimepiga magoti kwenye maofisi kwa ajili ya mfereji huu. Ulitaka nini, muendelee kubeba mabeseni?"

"Nilitaka uniambie."

"Ungekubali?"

"Sijui. Hukuniuliza." Samata alimtazama machoni. Alikuwa anampenda bado, na ndiyo maana ilimuuma hivyo. "Lakini kama ni jambo jema, lisemee kwa sauti. Naa yupo. Watu wapo."

"Siwezi. Nitafukuzwa kazi, na mradi utakufa."

"Basi sema uongo wako kwa sauti."

Akasimama. Akafungua kiganja. Pande la pili la kola, lile ambalo hakulila, lilikuwa pale, limelowa jasho. Alilinyanyua watu wakaliona.

"Kola hii ni ya Naa," akasema. "Naisemea kwa mara ya mwisho. Bibi Shamba anasema alfajiri alikuwa kitandani na hakumwambia mume wangu kitu. Mimi sibishani naye. Ale tu."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Maana Nyolugu wanaamini kwamba kola na uongo havikai kinywa kimoja. Wanawataja mpaka leo watu waliojaribu, na makaburi yao wanayaonyesha kwa kidole. Meneja wa Kumasi angelitafuna lile pande bila wasiwasi na kuomba jingine. Lakini Rahinatu, pamoja na shahada zake, alizaliwa kijiji cha pili kutoka pale, akapewa jina lake kwa kola, akaolewa kwa kola, akamzika mama yake kwa kola.

"Ni upuuzi huu," akasema.

"Basi ni rahisi," Samata akajibu, na akamnyooshea. "Kula, dada. Ukila, nami nitakuomba radhi mbele ya wote, na bonde walichukue."

Naa alikuwa amejiinua kutoka kwenye mito yake. Mpiga ngoma alikuwa ameweka kigongo chini. Yakubu alikuwa akisogea mbele, mtu baada ya mtu wakimpisha, mpaka akasimama nyuma ya mke wake.

Bibi Shamba aliitazama kola. Aliwatazama wanawake waliokuwa wamejaa kwenye lango la ua, wale aliowafundisha kupanda kwa mistari, na hakuna hata mmoja aliyempungia mkono.

"Nipe," akasema.

Mkono wake ukanyooka polepole, ukafika, ukaichukua ile kola.

Ulikuwa mkono wa kushoto.

Muda mfupi tu uliopita, mbele ya macho yao, alimpiga Meneja kofi kwa kosa hilohilo, akamwambia kola ya kushoto haishiki. Mwanamke mmoja langoni alianza kulia kwa sauti ya chini, kama anayelilia maiti.

Bwana Ampofo peke yake ndiye hakuelewa. "Kwani nini tena?" akauliza, huku na huku. Wulana hakumjibu. Wulana alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua moja moja, kuelekea mlangoni kulikokuwa na viatu vyake.

Ndipo Nyolugu-Naa, ambaye tangu avae kilemba hakuna mtu wa kawaida aliyewahi kumsikia akinena hadharani, aliposimama juu ya ngozi zake na kusema kwa kinywa chake mwenyewe:

"Fungeni lango. Hatoki mtu."